Leo Nyali Hukufika?

Mama alipona homa ya Machi,
ulimi wake haukupona.
Daktari wa Makadara alimmulika kooni kwa kurunzi,
akaandika dawa, akatuambia tusubiri.
Tukasubiri. Biriani ya arusi ya Mwanatumu
aliila kama mtu anayetafuna gazeti,
kwa adabu, macho ukutani.

Huyu ni mama aliyekuwa akinusa sufuria tangu ngazini
akajua nani katia bizari mapema.

Basi kila Jumamosi, nikitoka Kilindini
na wino wa stakabadhi za ushuru vidoleni,
nikawa navuka daraja hadi duka la Tunu,
tawi lao la kumi na moja, ndivyo walivyoandika mlangoni
kama watu wanaohesabu wajukuu.
Ndani kuna baridi ya kuvalia koti.
Kila kitu kimetajiwa nchi yake kwa herufi kubwa;
bei imejificha chini, nyembamba, ina haya.

Nikamwambia Kadzo, msichana wa rafu za nyuma:
nipe kitu ambacho hakijawahi kufika Marikiti.

Kwanza jibini yenye mishipa ya buluu.
Mama akaigeuza. "Imeoza hini. Umelipa?"
Nimelipa.
Akala kipande. Hakuna kitu.
Paka wa jirani naye akakataa.

Kisha zeituni zilizoshindiliwa kitunguu saumu. Hakuna.

Wiki ya tatu, kabichi ya Korea iliyochachuka,
nyekundu, ikafurika usiku ndani ya friji
mpaka Bi Sauda wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza
kama kuna aliyefariki hatujatangaza.
Mama akatafuna, akasikiliza.
"Naisikia inavyolia, kra, kra. Ladha siioni."

Ya nne sijui nilirogwa na nini:
tui la nazi la mkebe, kutoka Tailandi.
Nililificha chini ya mkate kama chupa ya haramu.
Aliliona. Hakusema neno.
Alinyoosha kidole tu, taratibu,
nyuma ya mlango, ilipo mbuzi ya kukunia,
nayo mbuzi ikanitazama kwa meno yake yote.

Ya tano, karatasi nyeusi nyepesi ndani ya bahasha.
"Mwani," nikasema. "Wajapani huviringishia wali."
"Mwani huu huu uliokuwa ukitunasa miguuni Likoni?
Shilingi ngapi?"
Nikataja nusu ya bei.
Hata hiyo nusu ilimkalisha chini.

Wiki ya sita mshahara ulichelewa.
Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikavua viatu polepole.
Alikuwa akikunja nguo, amenipa mgongo.
"Leo Nyali hukufika?"
Ndipo nikajua kwamba alikuwa akihesabu siku pamoja nami.

Ya saba Kadzo alikuwa ameniwekea kichupa kando:
plamu za Japani zilizolala chumvini mwaka mzima,
zimekunjamana kama magoti ya watoto wakitoka kuogelea.
"Nilionja moja meneja alipotoka," akaninong'oneza.
"Nililia jicho moja."

Mama alichukua kwa vidole, akaitia nzima.
Nikautazama mdomo wake
kama karani anavyotazama muhuri ukauke.

Jicho la kushoto likafumba.
Shavu likazama.
Mkono ukapiga meza, kikombe kikaruka,
na sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Machi ikatoka imekamilika:

"Hini imenitukana!
Imenitukana mimi, nyumbani kwangu!"

Akatema kokwa kiganjani, akaitazama kwa muda.
Chozi lilimtoka, akaliacha lishuke.
Hakusema ni kama ukwaju.
Hakusema ni kama kitu chochote.
Akakisukuma kichupa kwangu kwa kidole kimoja.

"Kula na wewe.
Sitatukanwa peke yangu."